Harley-Davidson, Vespa na wapandaji wanaozeeka: kiwanda kikongwe cha pikipiki bado kina maisha?

MtuWaMalindi (mleta uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Harley-Davidson ya Marekani ilianzishwa Milwaukee mwaka 1903. Mwaka 2006 ilitoa kiwandani pikipiki karibu 350,000. Mwaka 2024 zilizouzwa dunia nzima ni takribani 150,000, hata nusu haifiki. Sababu inayotajwa kila mara ni umri. Kwa takwimu za chama cha watengenezaji pikipiki cha Marekani, mwaka 1990 umri wa kati wa mwenye pikipiki kule ulikuwa miaka 32, na mwaka 2018 ukawa 50. Yaani kwa sehemu kubwa ni watu wale wale, wamezeeka na vyombo vyao.

Mie hili linanigusa kwa sababu ya hapa kwetu Unguja. Wazee wa Mjini waliokuwa hawatoki bila Vespa, kanzu imekunjwa chini ya paja, sasa magoti hayawapi. Vespa zimefunikwa turubai. Watoto wao wananunua Boxer, au skuta za otomatiki zilizotumika Japani. Hakuna anayemchukia mzee wake, lakini hakuna anayekitaka chombo chake.

Hoja yangu ni hii: kiwanda kinachouza kumbukumbu kinaondoka na wenye kumbukumbu. Anayepinga aje na hoja.

---

Yakhe_Mchangani

Harley imejimaliza wenyewe. Haijawahi kutengeneza pikipiki ndogo hata siku moja. Angalia Honda: mwaka 1958 wakatoa Super Cub, kitu cha cc 50 ambacho hata asiyejua kuendesha anaweza kukipanda, na ilipofika 2017 walikuwa wameshatengeneza milioni 100 za aina hiyo. Aliyeanza na ile fifti akipata pesa ananunua Honda kubwa. Harley mteja wake anaanzia wapi?

---

KarafuuMbichi (Wete)

Yakhe, ndogo walitengeneza. Baada ya Vita Kuu ya Pili walichukua muundo wa DKW ya Kijerumani ukiwa sehemu ya fidia ya vita, wakatoa ya cc 125 kuanzia mwaka 1948. Kuanzia 1960 hadi 1965 walikuwa na skuta yao, iliitwa Topper. Na mwaka huo huo wa 1960 walinunua nusu ya kiwanda cha Aermacchi cha Italia, wakawa wanauza pikipiki ndogo zenye jina la Harley. Kile kiwanda cha Italia wakakiuza 1978.

Kwa hiyo ngazi ya kupandia walikuwa nayo. Waliiondoa kwa sababu faida ya pikipiki moja nzito ni kubwa kuliko ya ndogo kadhaa. Kwa miaka mingi hesabu ile iliwalipa, na ndiyo maana haikuwa rahisi kuiona hatari yake.

---

Fundi_Kwerekwe

Mleta uzi, nakuheshimu lakini sikubaliani na wewe. Unasema kumbukumbu. Mie nasema chombo kinaishi kama kinatengenezeka.

Chukua Vespa PX. Magurudumu yote mawili saizi moja, inchi 10, kila moja limeshikwa na nati tano. Spea ipo chini ya kifuniko cha ubavu wa kushoto. Ukipata pancha Bububu usiku, spana moja, unatoa, unatia, unaondoka. Hata rimu yenyewe ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, unaifungua unatoa mpira wa ndani bila kuhangaika na pasi za tairi. Gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu kama la ndege, kwa sababu aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na Piaggio kabla ya vita walikuwa wakitengeneza ndege. Muundo wameusajili Aprili 1946, na hadi leo kijana asiyefika skuli ya ufundi akikaa na mie miezi michache anaijua injini ile yote.

Sasa niletee skuta mpya yenye kompyuta. Taa ya injini ikiwaka mie nafanya nini? Namwambia mwenyewe atafute mwenye mashine ya kupimia. Anarudi siku ya tatu, hajampata, chombo kimelala kwangu. Hiyo ndiyo inayoua jina la kiwanda, si umri wa mtu. Spea za LML ya Kanpur, waliotengeneza kwa muundo ule ule wa PX, zinaingia kwenye Vespa ya Kitaliano bila ugomvi. LML wenyewe wameshafunga, spea bado zipo Darajani.

---

BibiWaMtoni

Naona mnaongelea wapandaji kana kwamba ni wanaume watupu.

Mie mwalimu. Asubuhi getini kwetu skuta zilizoegeshwa nyingi ni za walimu wanawake. Hakuna kati yetu aliyenunua Vespa ya gia ya mkononi. Si kwamba hatuna heshima nayo, ila buibui, mkoba wa madaftari, mtoto mbele, na klachi juu yake? Otomatiki unawasha kwa kidole, unakwenda. Miguu imekaa pamoja, nguo haiguswi na mnyororo.

Na kama hapa ni hivyo, huko Marekani itakuwaje kwa pikipiki yenye zaidi ya kilo 360? Zile kubwa za safari za Harley ndizo uzito wake huo. Mtu wa miaka 65 ikimuinamia kituo cha mafuta hainui tena. Kijana wa kike wa miaka 25 haingii hata dukani kuiuliza. Kabla ya kusema watu hawataki pikipiki, tujiulize pikipiki ile imemtengenezewa nani.

---

MuscatKwaMuda

Salaam kutoka Muscat. Huku Harley zipo na wanaozipanda si wazee tu. Ijumaa asubuhi wanapita kwa msafara, wengi watu wa miaka thelathini na kitu, arubaini. Wanachofanana si umri, ni mshahara.

Kwa hiyo nadhani mnalikwepa jambo la pesa. Kule Marekani pikipiki ile inanunuliwa kwa mkopo, na Harley wana kampuni yao wenyewe ya kukopesha, inayowaingizia faida kubwa. Riba ikipanda, mtu anaahirisha. Pikipiki ya bei ile si ya kwendea kazini, ni ya starehe, na starehe ndiyo ya kwanza kukatwa. Mwaka 2006 mikopo ilikuwa rahisi, watu walikuwa wakikopa mpaka kwa dhamana ya nyumba. Ukikifanya kilele kile ndiyo kipimo, kila mwaka utaonekana wa msiba.

---

MtuWaMalindi

@MuscatKwaMuda la mkopo nalikubali kwa miaka ya 2008 na 2009. Lakini baada ya hapo uchumi wao ulipanda miaka kumi mfululizo na mauzo ya Harley nyumbani hayakurudi yalipokuwa. Hapo riba haielezi kitu.

@Fundi_Kwerekwe unazungumza kuhusu chombo kuishi. Mie naulizia kiwanda kuishi. Vespa ya baba yako kutengenezeka hakumuingizii Piaggio hata senti. Tena nasema kinyume chake: chombo kisichokufa kinamnyima mwenye kiwanda mauzo.

---

SkuliYaZamani

Harley itaokolewa na serikali yao kama ilivyookolewa na Reagan. Wajapani waliwabana, Reagan akaweka ushuru mkubwa, wakapona. Trump naye ni mtu wa ushuru. Hakuna jipya.

---

KarafuuMbichi

@SkuliYaZamani, ngoja tuiweke sawa maana hii hadithi inasimuliwa nusu.

Mwaka 1969 Harley ilinunuliwa na AMF, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya michezo. Uzalishaji ukaongezwa, ubora ukashuka, pikipiki zikawa zinavuja oili hata zikiwa dukani. Mwaka 1981 wakurugenzi 13, akiwemo mjukuu wa mmoja wa waasisi, Willie G. Davidson, wakakopa wakainunua tena. Ushuru wa Reagan ulikuja 1983: pikipiki za nje zenye zaidi ya cc 700 ziliongezewa asilimia 45 mwaka wa kwanza, halafu zikawa zinapunguzwa kila mwaka kwa miaka mitano. Wajapani wakafanya nini? Wakashusha injini za cc 750 zikawa chini kidogo ya 700, wakaendelea kuuza.

Na mwaka 1987 Harley wenyewe waliomba ushuru ule uondolewe kabla ya muda wake. Kilichowaponya zaidi, kwa ninavyoona, ni injini mpya ya Evolution ya 1984 isiyovuja, na kujifunza kutoka kwa Wajapani namna ya kuendesha kiwanda bila kulundika vipuri. Ushuru uliwapa pumzi tu.

Ushuru wa safari hii umewaumiza. Mwaka 2018 Ulaya walijibu ushuru wa Trump wa chuma kwa kuipandishia Harley kutoka asilimia 6 hadi 31. Kampuni ikatangaza kuhamishia nje pikipiki za soko la Ulaya, na Trump akawageukia wao.

---

Yakhe_Mchangani

KarafuuMbichi, huko Wete mvua ikinyesha mnasoma tu, hamchumi karafuu? 😄 Ahsante lakini.

---

KijanaWaJangombe

Naomba na sisi tuliozaliwa juzi tuseme. Nina miaka 24. Simtaki Harley, simtaki Vespa. Nataka Royal Enfield.

Na hapo ndipo hoja ya mleta uzi inaponishinda kuielewa. Royal Enfield pikipiki yake ya kwanza ni ya 1901, ni kongwe kuliko Harley. Uingereza walikufa, uzalishaji ukaisha 1970. Waliobaki ni Wahindi wa Madras waliokuwa wakiiunda tangu 1955. Eicher wakaichukua 1994, na mwaka 2010 walikuwa wakiuza kama elfu 50 tu. Mwaka wa fedha wa 2024/25 wamevuka milioni moja. Milioni! Na wanaonunua wengi ni vijana wa rika langu. Umbo ni la kizamani, tangi la mviringo, taa ya duara, mlio wa taratibu. Wanauza kumbukumbu ya mtu ambaye hata hakuwapo.

Kwa hiyo kumbukumbu inauzika kwa vijana. Isiyouzika ni kumbukumbu ya bei ya gari.

---

Fundi_Kwerekwe

@KijanaWaJangombe umesema la maana, lakini ile ni cc 350, inakwenda taratibu, na India wana barabara na wateja wa kuijaza. Hapa ukinunua moja, siku unayotaka klachi utaagiza, na utasubiri. Nina mteja alileta pikipiki kubwa ya nje, sitaitaja jina. Aliyemuuzia alimuahidi spea zote. Gasketi moja imemlaza miezi. Mwenyewe anakuja kila Jumamosi, anaifuta vumbi, anaondoka. Naona huruma. Anaipenda kweli kweli.

---

BibiWaMtoni

@KijanaWaJangombe mwanangu, kabla ya Enfield nunua kofia ngumu nzuri. Nimeshasema.

---

MkweziWaKonde

Samahani kuingilia. Pemba kuna mtu anajua pa kupata waya wa klachi wa PX? Chake nimezunguka, nimeambiwa nikate wa baiskeli niuunge.

---

Fundi_Kwerekwe

Usiunge wa baiskeli, utakukatikia mlimani na gia imeingia. Nitumie ujumbe pembeni, nitakupakilia kwenye boti ya Mkoani. Na ukiupata, upake grisi kabla ya kuupitisha kwenye ala yake, acha mchezo kidogo kwenye mkono, usiukaze mpaka mwisho.

---

NgalawaYaUmeme

Nyote mnazungumza petroli. Swali la kiwanda kikongwe ni umeme. Harley waliliona mapema, wakatoa LiveWire 2019, halafu wakaitenga iwe kampuni yake mwaka 2022. Mwaka mzima wa 2024 wameuza mamia tu. Mzee wa Harley anataka mlio. Kampuni hii mwaka 1994 iliomba hata mlio wa injini yake usajiliwe kama alama ya biashara, ikaja kuachana na ombi 2000. Sasa unampelekea mtu wa namna hiyo chombo kimya? Na kijana anayetaka umeme hana pesa ile.

Bajaj walifanya kwa akili zaidi. Chetak, ile skuta yao ya zamani iliyozaliwa na muundo wa Vespa, waliiacha kuitengeneza, halafu Januari 2020 wakalirudisha jina lile kwenye skuta ya umeme. Sasa wanauza kwa wingi. Jina la babu, injini ya mjukuu.

---

SkuliYaZamani

Umeme hapa? Nyie hamkumbuki kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima kiza miezi mitatu waya wa baharini ulipoharibika? Nilikuwa nakwenda kazini kwa Vespa, lita ya petroli na kijiko cha oili, basi. Ningekuwa na skuta ya umeme ningekwenda kwa miguu.

---

NgalawaYaUmeme

Sheikh, ule waya ulikuwa wa 1980. Mpya wa megawati 100 umezinduliwa 2013. Na skuta inachajiwa kwenye soketi ya kawaida ukutani, unatia Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, unalala. Mafuta nayo yanakuja kwa meli, meli ikichelewa foleni unaijua.

---

MuscatKwaMuda

Turudi kwa Vespa maana mleta uzi ameianza na tukaiacha. Piaggio ilikaribia kuanguka, mwaka 2003 Roberto Colaninno akaichukua, 2006 ikaingia soko la hisa. Leo Vespa inatengenezwa Pontedera, Vietnam na India, na inauzwa vizuri. Lakini inauzwa kama pambo, kwa bei inayokaribia pikipiki mbili za Kijapani. Ile PX ya gia iliyokuwepo tangu 1977 imekufa kwa sababu ya sheria za moshi za Ulaya. Injini ya kuchanganya oili haiwezi kuzipita.

Kwa hiyo kiwanda kimepona kwa kutuacha sisi. Mwalimu, fundi, muuza samaki aliyefunga kapu nyuma, si wateja wake tena. Hilo linaniuma kuliko Harley kufa.

---

MtuWaMalindi

Nimesoma wote, na bado sijashawishika kuhusu neno "kupona". Norton ya Uingereza imenunuliwa na TVS wa India mwaka 2020 kwa pauni milioni 16. Triumph ilifungwa Meriden 1983, John Bloor akanunua jina akajenga kiwanda kipya Hinckley. Royal Enfield ya kijana wetu ni hivyo hivyo. Jina limeishi, lakini wale wafanyakazi wa Meriden, na wa Redditch kwa Royal Enfield, na ujuzi wao wamekwenda. Mie nikiulizia kiwanda naulizia na watu wake. Milwaukee ikibaki jina tu na pikipiki zikaja kutoka Thailand na India, tuseme Harley imeishi?

Maana tayari wameanza. Waliondoka India 2020, wakarudi kwa mlango wa Hero, kiwanda cha huko huko India, na pikipiki yao ya X440 ya 2023 inaundwa na Hero.

---

KarafuuMbichi

@MtuWaMalindi swali zuri, lakini linabadilisha uzi. Ulianza na umri. Nakupa mfano unaoivunja hoja ya umri moja kwa moja: KTM ya Austria. Wateja wake vijana, wana mashindano, wana pikipiki ndogo za cc 125 na 390 zinazoundwa India na Bajaj. Kila kitu ambacho tumesema hapa Harley imekikosa, wao walikuwa nacho. Novemba 2024 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, maghala yamejaa pikipiki zisizouzika. Bajaj ndio waliowatoa, na sasa wanaishika kampuni.

Kama vijana wangekuwa dawa, KTM isingeumwa.

---

KijanaWaJangombe

KTM waliunda nyingi kuliko walizoweza kuuza. Hilo ni kosa la hesabu, halihusiani na wapandaji. Harley hata wakiunda chache bado zinabaki kwa mawakala.

---

BibiWaMtoni

Harley wamebadilisha mkuu Oktoba 2025. Zeitz ameondoka, amekuja Artie Starrs. Kabla ya hapo walishatangaza kwamba inakuja pikipiki ndogo kwa bei ya chini ya dola 6,000. Hiyo ndiyo ningependa kuiona. Ikiwa nyepesi, kiti kiko chini, na binti wa miaka 20 anaimudu akiwa amesimama na miguu yote miwili chini, nitasema wameelewa. Wakileta ile ile kubwa wameipunguza nembo tu, basi MtuWaMalindi ameshinda.

---

Fundi_Kwerekwe

Mie nitaangalia kitu kimoja: kabureta au kompyuta, na kama kitabu cha ufundi kinauzwa kwa kila mtu au wanakificha kwa mawakala wao.

@MkweziWaKonde waya umeshapakiwa, boti ya kesho asubuhi. Upo ndani ya bahasha ya kaki, nimekuwekea na kichwa cha kukazia, kile cha zamani kinakuwa kimeliwa.